Daktari wa Vioo

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Waulize watu wa Meru mjini, kuanzia Kinoru mpaka Majengo, watakuambia: yule mtu wa malori hashtuki. Shule niliiacha darasa la pili, nikawa taniboi kwenye lori la mzee mmoja Mwislamu aliyenifundisha Kiswahili, breki, na kunyamaza mbele ya askari. Kabla ndevu zangu hazijakaa sawa nilikuwa na lori langu. Siku za Imajensi, serikali ya Waingereza ilipopigana na watu wa msituni, nilipita msitu wa mlimani na magunia ya waru, yaani viazi, risasi zikilia juu ya turubai, na usukani haukutetemeka. Niliona watu wakihamishwa makwao wakafungiwa vijijini, nyuma ya handaki lililochomekwa miti iliyochongwa. Nikasema basi, hakuna kingine. Halafu nikakutana na Daktari, akanishtua mara nyingi kuliko serikali na watu wa msituni wakiwekwa pamoja.

Alikuwa mama wa Kizungu, mrefu kama nguzo ya simu, anavaa viatu vya kiume na sweta lililotoboka viwiko. Jina alikuwa nalo lakini sikumsikia mtu akilitumia. Katika ile hospitali ya misheni, katikati ya njia ya Meru na Embu, madaktari wengine walikuja na kuondoka, na kila mmoja alikuwa na jina. Yeye alikuwa Daktari tu. Wamama walipotaka kumtofautisha walisema Daktari wa Vioo. Wenzake walikuwa wakikugonga mgongo na kukuangalia ulimi. Yeye alitoboa kidole, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, akakitia rangi, akakiweka chini ya hadubini, ile mashine ya kuchungulia vitu visivyoonekana, na hapo ungemsemesha mpaka jioni bila kujibiwa.

Aliendesha gari kama mtu anayefukuza kuku. Mimi ni dereva, nasema ninachokijua. Gia zililia mpaka mbwa wakajibu. Nilimwambia siku moja, "Daktari, hilo gari ungelipumzisha, lina roho." Akanijibu, "Gari hapana roho, lakini wewe iko na mdomo." Kiswahili chake kilikuwa hicho, cha kuokota njiani. Kimeru alikijua zaidi, lakini alikitumia kwa akina mama na watoto peke yao. Sisi wanaume alitupa Kiswahili, kama mtu anavyowapa mbwa mifupa.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Kuku akichinjwa nyuma ya jiko la hospitali, Daktari aliingia ndani akaziba masikio. Lakini mwanamke huyohuyo alikuwa na sindano nene kama msumari wa paa, ya kutoboa nayo mfupa wa nyonga ya mtoto na kuvuta uboho, na mkono wake haukusita hata kidogo. Alipiga kelele kwa manesi mpaka madirisha yakatikisika, kisha ungemkuta amekaa sakafuni anakunywa uji uliochacha na bibi kizee asiye na meno, wanachekana.

Tena hakuhesabu watoto. Kwetu, Meru na Embu, mtoto hahesabiwi, ukimhesabu umemwonyesha kifo mlango. Nilidhani hayo ni ya nyanya zetu. Lakini mgeni akimwuliza Daktari, "Leo wadi ina watoto wangapi?" alimjibu, "Wapo." Nikamwuliza, "Wewe msomi, unaamini hayo?"

"Mimi hapana amini."

"Sasa?"

"Sasa kwa nini mimi jaribu bahati ya mtoto ya mtu ingine?"

Na neno lake kubwa lilikuwa "sijui". Nilishtuka niliposikia daktari akisema sijui. Mganga hasemi sijui. Fundi wa magari, hata akiwa ameshika boliti asiyoijua inatoka wapi, hasemi sijui. Yeye alilisema waziwazi, kidevu juu, kama mtu anayekuonyesha ng'ombe wake.

Sasa sikizeni kisa cha kiapo. Nyakati zile neno damu halikutamkwa ovyo. Aliyekula kiapo cha msituni alinyamaza, na aliyetaka kumkamata alitafuta njia ya kumjua. Kwa hiyo siku moja mkubwa wa homugadi, wale walinzi wa serikali, wa kijiji chetu, mtu wa kifua kipana na koti la jeshi, aliingia hospitali na wanaume watatu wamefungwa kamba. Mimi nilikuwa pale nashusha kuni.

"Daktari," akasema, "chungulia damu ya hawa. Niambie nani ana kiapo."

Daktari alimtazama. "Kiapo naonekana kwa damu?"

"Watu wanasema wewe unaona kila kitu."

"Haya. Lete kidole. Yako kwanza."

Mkubwa akacheka, akatoa kidole, akatobolewa, akaruka. Daktari akapaka, akatia rangi, akachungulia kwa muda mrefu sana.

"Naona minyoo," akasema. "Tumbo yako imejaa minyoo. Na malaria moja ya zamani. Kiapo hapana ona. Fungua hawa watu, wewe kunywa dawa."

Mmoja wa wale wa kamba alicheka puani, akashindwa kujizuia. Mkubwa akawafungua pale pale, si kwa huruma, bali kwa hofu ya kutajiwa mengine. Lakini angalia mzaha ulivyorudi. Kuanzia siku ile watu walisema: ikiwa ameona minyoo ya tumboni kwa kutazama kidole, basi yule mama anaona yote. Uongo wako na uchawi wako, hata baba yako wa kweli, yote yamo kwenye kioo. Aliyetaka kuua ushirikina aliulisha mwenyewe.

Hapo ndipo tulipokuwa wakati binti yangu alipokataa kutembea.

Alikuwa Kagendo, na jina hilo ni la mwenye kwenda, asiyetulia. Lilimfaa. Aliwahi kunifuata mpaka barabarani akiwa na kipande cha muwa, ati anaenda Embu kuninunulia taya, yaani tairi la lori. Meno ya maziwa hayajang'oka, anataka kununua taya! Asubuhi moja akakaa kizingitini, akasema miguu inauma ndani, ndani kabisa. Mama yake akamkanda. Ufizi ukatoka damu. Madoa ya samawati yakamjaa mapajani kama aliyepigwa, na nyumbani kwangu hakuna aliyempiga. Rangi ikamtoka midomoni. Nilipata pasi ya kusafiri kwa asubuhi moja tu, jambo ambalo wengine walilisubiri wiki, nikampeleka mwenyewe.

Daktari alitazama kioo cha Kagendo. Akakitoa, akatazama kingine. Halafu akachukua ile sindano nene akatazama na uboho. Alipoinua uso hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogofya.

Mke wangu Kiswahili hakikumfikia vizuri, na Daktari hakuwa na maneno ya Kimeru ya ugonjwa huo. Akamwita dresa wa wadi, yule wa kufunga vidonda, mtu mzima, mzee wa kanisa, amfasirie. Dresa akasikiliza Kizungu kirefu, akakuna kichwa, akamwambia mke wangu kwa Kimeru jambo moja tu: "Damu ya mtoto imekuwa nyeupe."

Wamama wengine walikuwa kwenye benchi. Nilipofika sokoni siku ya pili, neno lilikuwa limeshatangulia kwa miguu yake. Halikuwa tena damu nyeupe. Lilikuwa damu ya weupe.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na kambi ya askari wa Kizungu. Mnaelewa? Walisema Daktari amechungulia kioo akamwona baba wa Kagendo, na baba huyo si mimi. Na wakati ule maneno kama hayo hayakuwa ya kucheka. Watu wa msituni wangeyasikia wakanihesabu mtu wa wazungu, wakanichomea lori nami nimo ndani. Mama yangu mzazi alikuja kutoka upande wa Embu, akakaa, akakataa uji, akasema, "Mwanangu, mke wako alikuwa akiteka maji wapi?"

Mimi, nisiyeshtuka, nilishika ukuta.

Mke wangu alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua macho. "Baba Kagendo, nawe unauliza?"

"Siulizi kitu."

"Mdomo hauulizi. Macho yanauliza."

Niliendesha mpaka hospitali nikamweleza Daktari kilichotokea. Akawa mwekundu shingo nzima, kisha akapiga meza mpaka vioo vikaruka. "Mjinga! Mimi ndiyo mjinga! Mimi nasema chembe nyeupe, chembe!" Akaniamuru nibebe hadubini kwenye lori. Akabeba mwenyewe sanduku la vioo na rangi. Tukaenda hadi kijijini, siku ya soko, jua kali, homugadi wanatazama kutoka juu ya mnara wao wa ulinzi.

Alipindua kreti ya ndizi, akaweka mashine juu. Akajitoboa yeye, akamtoboa dresa, ambaye tulikuja naye akiinamisha uso kwa aibu, akanitoboa mimi, mke wangu, na bibi mmoja muuza ugoro aliyejitolea kwa sababu, alisema, yeye ni mzee, siri zake zilishakufa. Damu zote nyekundu. Akazitia rangi, akawaita watu wachungulie mmoja mmoja.

Yule bibi alikuwa wa kwanza. "Ala! Nyingi hizi kama mtama uliomwagika."

"Hizo nyekundu. Sasa, naona kubwa moja, peke yake?"

"Naiona. Lakini Daktari, hii si nyeupe. Hii ni kama ua la viazi."

"Ni rangi nimetia. Jina yake nyeupe. Kila mtu iko nayo. Yako, yangu, ya huyu dereva mwenye mdomo. Ni askari ya mwili."

Bibi akahama, akachungulia kioo cha Daktari mwenyewe. Akageuka kwa watu: "Damu ya Mzungu na yangu ni mtama mmoja!" Soko likalipuka.

Kisha Daktari akatoa kioo cha Kagendo. Bibi akatazama na kicheko kikamkauka. Hata mimi nilipochungulia niliona: maua yale ya viazi yamejaa kote, yamebanana, mtama umebaki punje punje.

"Askari wengi hivi?" bibi akauliza.

"Wengi, na bado watoto. Hapana jua kazi. Nazaliwa tu, najaza nyumba, nakula, na mwenye nyumba hapana pata pahali ya kukaa."

Bibi akapaza sauti bila kufikiri, "Aa, kumbe ni homugadi!"

Hakuna aliyecheka. Watu waliangalia mnara. Daktari akasema haraka, kwa Kimeru, kwamba jua limemzidi bibi, anunuliwe sukari, na soko likapumua. Tangu siku ile hakuna mdomo uliomtaja mke wangu kwa ubaya, na mama yangu alimletea kuku wa mayai bila kusema ni wa nini.

Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa bado. Daktari alikuwa akiandikiana na wenzake wa ng'ambo, watu wanaoutafuta ugonjwa huo mchana kutwa. Aliwapelekea vioo, wao wakampelekea vidonge vya manjano, vipya, alivyosema vinazinyima zile chembe chakula. Nikamwambia, "Taja bei. Nauza lori." Akasema, "Hapana uzwa. Ni ya kujaribu." Neno kujaribu lilinichoma. "Mtoto wangu ni wa kujaribiwa?" Akasema, "Ndiyo. Kama hapana jaribu, najua mwisho. Kama najaribu, sijui. Sijui ni bora."

Kinywa cha Kagendo kilijaa vidonda, akalishwa maziwa kwa kijiko. Dawa nyingine ikamvimbisha mashavu mpaka wagonjwa wakamwita mke wa chifu. Halafu, ndugu zangu, aliamka. Rangi ikarudi midomoni. Akashuka kitandani, akatembea mpaka langoni kunipokea, akaniuliza kama taya zimenunuliwa. Kioo chake Daktari alinionyesha mwenyewe: mtama umejaa, maua mawili matatu tu.

Nilichinja fahali. Kijiji kizima kilikula, hata homugadi walishuka mnarani. Nilisimama juu ya lori nikawaambia mimi nimeushinda ugonjwa ambao haujashindwa na Mwafrika yeyote. Daktari alikuja, akakaa pembeni na bakuli ambalo hakuligusa.

"Kula, Daktari! Ni sherehe yako."

"Yeye hapana pona," akasema taratibu. "Ugonjwa amelala. Wewe unajua sangari?"

Nani asiyeijua sangari? Ukilima ukaacha kipande cha mzizi kama kucha, mvua ya kwanza shamba lote ni lake.

"Dawa nakata majani," akasema. "Mzizi iko ndani ya mfupa. Hapana jua bado namna ya kung'oa. Cheza na mtoto. Wacha kusimama juu ya lori."

Nilimkasirikia, sitaficha. Kagendo alikuwa anakimbizana na watoto nyuma yake wakati anasema hayo.

Mvua zilipofika, miguu ikauma tena, ndani, ndani kabisa. Vidonge vilevile vilipewa, na havikufanya kitu. Nilikwenda kwa Daktari nikiwa tayari kumpiga mtu. Nilimkuta kwenye kiti kidogo cha wagonjwa, mikono magotini.

"Nataka kutoboa mfupa tena," akasema. "Nisikudanganye. Haitamsaidia yeye. Wale wa ng'ambo wanataka kuona kwa nini dawa ilifanya kazi halafu ikakataa. Ni kwa ajili ya watoto watakaokuja." Ilikuwa mara ya kwanza Kiswahili chake kunyooka. Nadhani alikuwa amekipanga usiku kucha.

Nikasema hapana. Nikasema binti yangu si shamba.

Mke wangu akasema, "Achukue."

"Mama Kagendo..."

"Achukue. Ili mama mwingine asiambiwe haijulikani mtoto wake anakufa kwa nini."

Kagendo alikuwa macho kumbe. Akasema kwa Kimeru, kwa sauti ndogo, "Upande ule mwingine. Huu umechoka." Wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakachukua upande ule mwingine. Alituacha mvua zile zile hazijaisha. Hapo sisimulii.

Ila nilipata kitu cha kushika. Vioo vile vilifungwa katika sanduku la bati, nikamwona Daktari akilitia lakiri. Na miaka iliyofuata, malori yakiwa manne, duka likiwa Meru mjini karibu na posta, kila mgeni aliyekaa kwangu alinisikia: "Binti yangu yuko ng'ambo. Maprofesa wanamsoma. Ninyi watoto wenu wanasoma vitabu, wangu anasomwa yeye." Mke wangu akisikia hayo alitoka nje, lakini hakunikataza.

Imajensi ikaisha, bendera ikabadilishwa. Asubuhi moja navuka barabara, namwona mama mrefu amekaa ngazi za posta, viatu vya kiume, nywele zote mvi. Mapajani ana sanduku la bati lenye lakiri iliyovunjwa.

"Daktari!"

"Dereva ya mdomo." Hakutabasamu. "Kaa. Mimi naenda kwetu, nimezeeka. Lakini kwanza nataka kukuambia kitu mbaya."

Akaniambia. Sanduku halikuwahi kuondoka. Wakati ule polisi walikuwa wameanza kufungua vifurushi vyote. Wakakuta vioo vyenye damu, na kichupa cha uboho wa mtu, wakasema ni vitu vya kiapo. Aligombana nao, akaandika, akapiga meza zao, wakasema limepotea. Sasa wamesafisha stoo, wakaliona, wakamwita achukue. Aliona aibu kuja dukani kwangu, ndiyo maana alikaa ngazini.

Stoo ya polisi naiona kutoka mlango wa duka langu. Ukirusha jiwe unavunja kigae chake. Miaka yote ile nilijisifu juu ya mtoto aliye ng'ambo, naye alikuwa pale, nyuma ya bati, gizani, ananisikia. Niliketi kwenye ngazi kama mzigo uliokatwa kamba.

"Vimeoza?" nikauliza mwisho.

"Kichupa, ndiyo. Vioo, hapana. Kioo ikitiwa rangi vizuri inangoja." Alifungua, akainua kimoja kwenye mwanga. Kilikuwa kisafi, na doa la zambarau katikati. "Wale bado wanataka. Sasa wanachanganya dawa zote pamoja. Hata mtoto akiwa anacheza, ameamka, hawaachi. Wanatafuta mzizi."

"Na kuna ambao sangari hairudi?"

"Iko."

"Wangapi?"

Akanitazama, mama yule wa vitabu na hadubini, macho yamejaa maji.

"Wapo," akasema.

Nilichukua sanduku mkononi mwake, nikaingia posta. Karani alikuwa mtoto wa mtu ninayemjua. "Ndani kuna nini, mzee?"

"Damu," nikasema, bila kupunguza sauti. Watu wa foleni waligeuka. Niliwaacha wageuke.

"Na thamani yake? Lazima niandike."

Mimi naweza kukuambia bei ya gunia lolote, ya ng'ombe yeyote, ya lori lolote nikisikia injini tu. Ya sanduku lile sikuijua. Daktari akainama dirishani juu ya bega langu. "Andika, haina thamani ya biashara. Ukiandika bei, forodha watazuia tena."

"Haina thamani?" nikasema.

"Ya biashara," akasema Daktari.

Karani akanitazama, ananingoja. Nikamwambia aandike hivyo. Akaandika, akapima, nikalipa ada, akagonga mihuri, akalitia sanduku taratibu kwenye gunia la barua za ndege.

Lori sikuliuza. Shamba sikuliuza. Fahali simhesabu, alikuwa wa zizini kwangu. Tangu asubuhi Kagendo alipokaa kizingitini akasema miguu inauma, mpaka gunia lile lilipofungwa mdomo, yote yalinigharimu shilingi kumi na moja na senti sitini.